Kuyu Katika Maji ya Kipupwe

Nyinyi mnaopita kibandani kwangu Bomani mna tabia moja. Mtu anaingia na kitenge chake, kabla sijachukua futi nimpime anauliza, "Robi, hivi kule mtoni ilikuwaje?" Namsimulia nusu, anaingia mwingine, naanza upya. Sasa kila mmoja ana safari yangu ya kwake kichwani, na wapo mnaosema tulikwenda kutafuta dhahabu. Kwa hiyo nimefunika cherehani, nimeandika. Atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi asome wakati namshonea vifungo.

Nianze na kaka Mwita, kwa wasiomjua. Ni kaka yangu wa tumbo moja, mkubwa kwangu kwa mbali, aliyeendesha malori mpaka macho yalipomkataza. Daktari alimwambia ni presha ya macho: kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kitafuata taratibu. Akarudi nyumbani, akakaa kwenye kigoda nje ya jiko langu, akala ugali wake. Alipomaliza kunawa akasema, "Robi, nataka kumwona kuyu."

Nilidhani ni hamu ya kula. Nikamwambia sokoni kuna sato wa ziwani, wanono, kesho nitamletea.

"Sikusema kula," akajibu. "Nimesema kumwona. Akiwa ndani ya maji."

Kabla ya malori, alipokuwa kijana, alikuwa akivua Mto Mara. Masika mto ule ni mwekundu, huoni hata kidole chako ukikitumbukiza. Lakini kipupwe kikiingia, mvua ikikatika na baridi ikishuka, udongo unatulia chini na kuna vidimbwi ambavyo maji yake hutakata hadi unahesabu mawe. Hapo ndipo kuyu huonekana. Ni samaki wa mtoni, mwenye magamba mapana ya rangi ya shaba na ndevu fupi mdomoni, anayesimama juu ya changarawe akitazama maji yanakotoka. Kaka alisema ameona Kigali, ameona Lubumbashi, ameona bahari, na katika vyote hivyo kitu anachotaka kukiona tena kabla giza halijafunga ni hicho kimoja.

Mimi nilikuwa na sare za shule zimejaa hadi kwenye kiti cha wateja. Nilimtazama, nikazitazama sare. Kisha nikaenda kumwomba jirani anishikie kibanda.

Kutoka Bomani

Mnaijua baridi yetu ya kipupwe, sina haja ya kuipamba. Asubuhi tuliyoondoka mji mzima ulikuwa na ukungu, na watu walikuwa wanatokea ndani yake wakiwa wamejifunga mashuka, wanakusalimu, wanapotea. Kaka alivaa koti lake la udereva na miwani myeusi aliyopewa hospitali. Kwapani alibeba fito zake za kuvulia zikiwa zimeviringishwa katika gunia. Alikataa nimsaidie kubeba. Alikataa pia nimshike mkono, akasema mkono wangu una haraka.

Gari letu lilipasuka gurudumu kabla ya Nyamwaga, kwenye mteremko wenye migomba na kahawa pande zote mbili. Gurudumu la akiba nalo lilikuwa limelala. Dereva akasimamisha pikipiki, akapanda na gurudumu mapajani kwenda kutafuta fundi, nasi tukabaki. Nilianza kugomba, maana mimi hasira hunitangulia. Lakini mama mmoja alitoka kwenye ile migomba na birika la uji wa ulezi, akatumiminia vikombe bila kuuliza sisi ni akina nani. Uji ulikuwa mzito, una moshi kidogo. Nikanyamaza.

Kaka alikunywa akiwa ameuelekeza uso kwenye bonde. Ukungu ulikuwa unapanda, unashuka, mara unaona bati la nyumba, mara huoni kitu. Nikamuuliza anaona nini.

"Ninaona vizuri," akasema. "Macho yamechoka tu."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akitujibu sote nyumbani, nasi tulikuwa tumezoea kumwamini. Tulikaa pale muda mrefu, na sikumbuki tulizungumza nini kingine. Nakumbuka joto la kikombe tu, na jogoo aliyewika mahali tusipopaona.

Matongo na Kewanja

Kutoka gari lilipotuacha tulichukua bodaboda. Kijana aliyetubeba alikulia Sirari, mpakani, na maneno yake yalikuwa yamevuka mpaka kabla yake, mama kwake ni mathe. Alilitazama lile gunia.

"Mathe, hapo mmebeba nini?"

"Fito."

"Fito za nini sasa? Huku watu hubeba sururu."

"Za kuvulia samaki," kaka akasema.

Kijana alicheka hadi Matongo. Tulipita kando ya ile milima ya mawe iliyotoka kwenye mashimo ya dhahabu, ng'ombe wakila majani chini yake kana kwamba imekuwapo tangu zamani, na kila tulipokutana na bodaboda mwingine kijana wetu alipunguza mwendo ili atangaze: hawa wanatafuta samaki. Nadhani hakuna aliyemwamini.

Kwa sababu tulipofika Kewanja, kwa shangazi yetu Bhoke, jioni ile ile watu walianza kuja. Anakuja mzee, anasalimia, anakaa, anaitazama miwani ya kaka, anazitazama fito ukutani. Shangazi anamkaribisha maziwa mgando. Anakunywa. Anakohoa. Kisha anauliza kama mtaalamu anaweza kupita shambani kwake kesho, pale karibu na kichuguu, maana anahisi chini kuna kitu. Ilitembea habari kwamba Mwita ameletwa kutoka mbali, kwamba hana haja ya macho, kwamba fito zake zikifika juu ya dhahabu zinainama zenyewe. Kaka alikana mpaka akachoka. Kadiri alivyokana ndivyo walivyozidi kuamini, maana mtaalamu wa kweli lazima afiche.

Asubuhi tulikwenda darajani. Nilisikia mto kabla ya kuuona, na nilipouona moyo ulinishuka. Maji yalikuwa mekundu, mazito, yanabeba majani na vijiti. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu yanakotoka, mvua isiyojua majira yake. Kaka aliinua pua kidogo.

"Yana udongo," akasema. "Nasikia harufu yake. Turudi, tusubiri."

Tukasubiri. Siku za Kewanja zimechanganyika kichwani mwangu, sijui ipi ilitangulia. Asubuhi ukungu, mchana vumbi na milio ya mitambo kwa mbali, jioni moshi wa jiko la shangazi. Tulikula ugali wa udaga, muhogo uliovundikwa, mweusi unaovutika, tukala mboga ya mgagani iliyochemshwa kwa maziwa, na siku moja shemeji wa shangazi alichinja mbuzi tukanywa kichuri, mchuzi wa matumbo, kile chenye uchungu wa nyongo ambacho nyinyi wageni wa Bomani huwa mnasingizia kushiba kikija mezani. Kaka alikunywa vibakuli viwili.

Na alikuwa akinifundisha. Alisema mtu anayevua kipupwe kama anavyovua masika anarudi na kikapu kitupu. Maji yakiwa baridi samaki ni mvivu, hatoki kwake asubuhi. Unasubiri jua lipashe mawe kwanza, naye anapanda kutoka kilindini kuja kwenye joto, pale penye maji ya magoti. Maji yakiwa meupe samaki anakuona kabla hujamwona. Kwa hiyo uzi uwe mwembamba, ndoana iwe ndogo, usifunge nati nzito wala risasi, chambo kielee chenyewe. Usisimame jua likiwa nyuma yako, kivuli chako kitatangulia. Na akigusa usivute. Baridini anaonja polepole, anatema, anaonja tena.

"Na mamba?" nikauliza.

"Mamba naye ana baridi. Lakini wewe kaa juu ya mwamba, usimwulize."

Yule kijana wa bodaboda ndiye aliyetuokoa. Alikuja kuuliza, kwa niaba ya mjomba wake, kama kweli fito zinainama. Kaka akampa mmoja aushike, akautikisa, haukuinama, akasikitika. Kisha akasema kama kweli ni samaki, basi ng'ambo, upande wa Serengeti, kuna kijito kinachoingia mtoni ambacho hakijaguswa na mvua ile. Pale kinapoingia maji ni meupe. Na kuna mvuvi anaitwa Wambura.

Ng'ambo

Tulivuka daraja, tukaacha barabara ya Mugumu, tukaifuata njia ya ng'ombe kwa miguu. Nyasi zilikuwa ndefu, zimekauka, na kila upepo ukipita zililala zote upande mmoja na kuinuka. Kaka alitembea mbele yangu kwenye ule mstari wa njia bila kujikwaa. Nikasema moyoni, kumbe anaona, tumejiogopesha bure.

Tulipotokea ukingoni palikuwa na wanaume wanne wamezunguka sufuria. Walituona, waliona koti, waliona ile miwani myeusi, wakainuka kama ndege. Mmoja alizoa nyavu, mwingine akazoa wavu mwingine, wakaingia mateteni na hatukusikia hata nyayo zao. Akabaki mmoja, mnene, ameushikilia ugali wake.

"Shikamoo," nikasema, maana alikuwa na mvi.

"Marahaba. Nyinyi ni wa samaki?"

"Ndiyo."

"Ofisi?"

"Hapana, baba. Tumekuja kuwatazama tu."

Alitafuna kwanza. "Kuwatazama," akasema. "Hao wenzangu wana nyavu za matundu madogo, wamekimbia. Mimi zangu ni halali, nikimbie chakula kwa nini? Karibuni."

Huyo ndiye Wambura. Kwao ni huko huko Serengeti, na Kiswahili chake ni cha taratibu, kila neno analiweka chini kabla ya kuchukua jingine. Alitupeleka kwake. Mke wake akatupikia kambare aliyekaushwa kwa moshi, ndani ya karanga, na sijawahi kula kambare akanyamazisha watu namna ile. Kaka alipoeleza alichokuja kufanya, sikuona mtu akicheka. Wambura alimuuliza tu ni tangu lini macho yanamsumbua, kisha akasema, "Maji yapo. Kesho nitawapeleka. Nikishawafikisha nitakwenda chini kutazama mitego yangu ya migono, nyinyi mtabaki na dimbwi lenu."

Kaka alilala mapema. Nilimsikia anacheka peke yake gizani, mara moja, kicheko kifupi.

Asubuhi ya kwanza mtoni

Hapa ndipo inabidi niwaeleze jambo ambalo wengine mnalijua. Sisi ni watoto wa kiboko. Ukuryani kila ukoo una mnyama wake. Wapo wa chui, wapo wa tembo, na sisi tumepewa huyo wa majini. Ukikutana naye unasimama. Humnyooshei kidole. Humkazii macho, kama usivyomkazia macho baba mkwe. Na hutumbukizi kitu majini, si ndoana wala mguu, mpaka ajiondokee mwenyewe, kwa sababu yeye ni mkubwa na pale ni kwake. Jumapili niko kanisani kama nyinyi, safu ya pili, lakini mambo haya nilifundishwa nyumbani kabla sijajua kuhesabu.

Wambura alituonyesha mwamba wa kusimama, akatuonyesha kijito kinapoingia, akashuka zake chini. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, mweupe, unatembea. Nikaanza kufungua gunia. Ghafla kaka akainua mkono.

"Robi, simama. Mkubwa yupo."

Niliinamisha uso hapo hapo. Kwa pembe ya jicho nilikuwa nimeona kitu cheusi, cha mviringo, kimelowa, nusu ndani ya maji, katikati ya dimbwi letu. Kilinitosha. Kaka alivua kofia, akamwamkia kwa Kikurya, kwa sauti ya chini, maneno yale ambayo baba alikuwa akiyatumia. Tukaweka fito chini. Tukasubiri.

Jua likatoka. Nilihisi joto lake mgongoni, nikajua ukungu unaondoka, na mimi naangalia vidole vya miguu yangu. Niligundua kidole gumba cha kushoto kina kovu ambalo sijui nililipata wapi. Ndege walikuwa wanalia juu ya matete, maji yanapita, yanapita, na mara kwa mara nilimsikia mkubwa akipumua. Haki ya Mungu nilimsikia, pumzi ndefu, nzito. Sikuwa na hofu. Nilijisikia kama mtoto aliyeketi sebuleni wakati wakubwa wanazungumza, na kama mngeniambia tumesimama pale tangu jana ningekubali.

Jua lilikuwa limefika juu Wambura aliporudi na migono yake begani.

"Mbona mmesimama kama mko msibani?"

"Tunampisha mkubwa," kaka akasema bila kugeuka.

"Mkubwa nani?"

Nikaelekeza kwa kidevu, macho chini. Wambura alitazama dimbwi. Akatutazama sisi. Akatazama tena dimbwi.

"Lile jiwe?"

Niliinua macho. Lilikuwa jiwe, jeusi, la mviringo, na juu yake ndege alikuwa ameketi anakausha mabawa. Maji yaliyokuwa yakipita kwenye ufa wake yalikuwa yanatoa ile pumzi niliyoisikia. Wambura alijaribu kujizuia kwa heshima yetu, akashindwa, akakaa chini, akacheka hadi migono ikamdondoka. Nami nikacheka. Watu wazima wawili tumelivulia kofia jiwe asubuhi nzima! Ningekuwa wa ukoo wa chui ningetazama mara moja tu, tungekuwa tumeshaona tulichofuata.

Kaka hakucheka.

Nikiwa bado nafuta machozi ng'ombe wakashuka kunywa. Walikuwa wengi, waliingia wote pamoja, wakakoroga, na dimbwi likawa tope. Jua la samaki lilikuwa limekwisha.

Wambura alipokwenda kuzungumza na wachungaji, nilikaa karibu na kaka. Alikuwa ameshika kofia magotini.

"Uliona nini hasa?" nikamuuliza.

"Niliona mgongo."

"Na kichwa? Masikio? Maji pembeni?"

"Mgongo tu, Robi." Akakunja kiganja chake kikawa kama bomba, akanishika kichwa, akaniwekea lile bomba kwenye jicho. Nikaona kipande cha mto, kidogo kama sarafu, na pande zote giza. "Hivyo. Jicho la kulia ndiyo hivyo. La kushoto halina hata hicho. Na hicho kinazidi kuwa chembamba."

"Mbona ulitembea njiani bila kujikwaa?"

"Njia ninaiona. Ninaiona njia peke yake."

Nilikasirika kwanza. Nilimwambia alitudanganya wote, mimi na wake wa kaka zetu na watoto, kila siku macho yamechoka, macho yamechoka. Aliniacha niseme. Halafu hasira ikaisha na huruma ikanishika. Tulikaa pale na harufu ya ng'ombe na tope.

Wambura alirudi akiwa ameshika simu. Uso wake haukuwa wa kucheka tena. Ndugu yake anayekaa juu kwenye kile kijito alikuwa amempigia. Mvua imenyesha na huko. Maji mekundu yalikuwa yanateremka, na kesho, kabla jua halijafika utosini, yangekuwa hapa.

"Na baada ya hapo yatatakata lini?" nikauliza.

Wambura alimtazama kaka. "Mwaka huu? Sijui, mama."

Asubuhi ya pili

Wambura alikuwa amewaomba wachungaji wawazuie ng'ombe mpaka tutakapoondoka, nao walikubali. Yeye mwenyewe aliacha migono yake, akaja nasi.

Tulikusanya panzi njiani. Kwa baridi ile panzi hawawezi kuruka. Wamejishika kwenye nyasi zenye umande, unawachuma kama unavyochuma maharage. Kaka aliwaweka kwenye mfuko wa koti. Juu ya mwamba alifunga uzi wake kwa vidole, bila kutazama, ndoana ndogo, kipande cha bua la mtama kiwe boya. Jiwe letu lilikuwa pale pale. Nililitazama vizuri kabisa safari hii, nikalisalimia hata hivyo.

Tukalala kifudifudi, kaka katikati, mimi nikiwa nimeushika mkanda wake wa suruali, Wambura upande wa pili akiangalia mamba. Ukungu ukapanda. Jua likaja, likagusa matete kwanza, likagusa mawe, likaingia majini. Niliangalia kwa nguvu zangu zote na nilichokiona ni mbingu, na kilemba changu kikiwa ndani ya mbingu.

"Sioni kitu," nikanong'ona.

"Usimtafute samaki," kaka akasema. "Samaki ni rangi ya maji. Tafuta kivuli chake kwenye mchanga."

Nikashusha macho hadi chini kabisa. Kulikuwa na kivuli kirefu, kinatikisika kidogo, hakiendi popote. Nikakipandisha macho taratibu. Na juu yake alikuwapo, mkubwa kama mkono wangu kutoka kwenye kiwiko, wa shaba, akitazama maji yanakotoka. Nilimwona anavyofungua na kufunga mdomo. Niliona zile ndevu. Sikujua kwamba mto huu nilioishi karibu nao maisha yangu yote una kitu kama kile ndani yake.

"Umemwona?" nikamuuliza kaka.

Alikuwa ameshamwona zamani. Midomo yake ilikuwa wazi.

"Mtupie," Wambura akanong'ona. "Mtupie sasa, ana njaa huyo."

Kaka aliinua ufito kidogo, panzi akaning'inia. Kisha akaulaza juu ya mwamba, taratibu, asipige kelele.

Mara kaka akashtuka. "Ameondoka," akasema. "Robi, ameondoka."

Sauti yake ilinichoma. Kwa sababu kuyu hakuwa ameondoka. Alikuwa amesogea tu, urefu wa mkono mmoja upande wa kushoto, anakula kitu kwenye changarawe, na kaka alikuwa anautazama mchanga mtupu. Alikuwa anageuza jicho huku na huku kwa haraka, na kila alipogeuza alimpita.

Kwetu dada mdogo hamshiki kaka yake kichwa. Mnalijua hilo bila mimi kuwaambia. Niliuachia mkanda, nikamshika kichwa kwa mikono miwili, viganja juu ya masikio yake yaliyokuwa baridi, nikamgeuza.

"Yupo hapo."

"Yupo hapo," akasema.

Kuyu akasogea, nikasogeza kichwa. Akapanda juu kidogo kwenye maji ya kasi, nikampandisha. Akarudi. Akaja mwingine, mdogo, nikampeleka kaka akamwone huyo, kisha nikamrudisha kwa yule mkubwa. Nilikuwa namgeuza polepole sana, kama ninavyogeuza kola chini ya sindano, maana ukienda haraka unaharibu. Nilikuwa nalia na sikuweza kujifuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Sijui ilikuwa muda gani, na kwa kweli sitaki kujua.

Wambura ndiye aliyeona kwanza. Alinigusa mguu, akaelekeza kwa kidevu kwenye kijito. Uzi mwekundu ulikuwa umeingia kwenye maji meupe, mwembamba, umefuata ukingo wa mbali, na nyuma yake ulikuwa unakuja mwingine mpana.

Kaka alihisi mikono yangu imesimama.

"Yamefika?"

"Bado. Yapo upande wa pili."

"Na yeye?"

"Yupo mbele yako."

Akatazama tena. Nilimhisi akivuta pumzi ndani hadi mwisho. Kisha nikahisi ngozi ya mashavu yake ikivutika chini ya viganja vyangu, nikainama kumtazama. Alikuwa amefumba macho.

"Kaka?"

"Nimefumba mwenyewe," akasema. "Niinue twende. Usinisimulie maji."

Akaniwekea mkono begani. Tukapanda ukingo hivyo, mimi mbele, yeye nyuma, Wambura akikusanya fito kimya kimya. Hakufumbua macho kwenye nyasi, hakufumbua kwenye njia ya ng'ombe, hakufumbua hata wachungaji walipomsalimia. Njia nzima alikuwa akinisimulia yule kuyu, mapezi yake, mdomo wake, namna jua lilivyokuwa likipita kwenye magamba, na mimi niliyemwona kwa macho mazima nilikuwa namsikiliza kama mtu ambaye hakuwapo.